Mwisho wa Neno Ulikuwa wa Mapendo

Kabla sura ya chumba haijanijia, hunijia mlio: mwiko wa mti ukigonga kitako cha sufuria iliyopinduliwa, ko, ko, ko, na sauti tatu za watoto zikiufuata. Ulikuwa mwiko uleule uliosonga bugali mchana, bado una unyevu, na kila ulipogonga, harufu ya unga wa muhogo ilipanda kidogo ikakutana na harufu ya makoti yaliyoloa mvua nyuma ya mlango. Tulikaa Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kale ambayo zamani ilikuwa ya familia moja yenye uwezo na sasa ilikuwa imegawanywa vyumba kwa kuta za mbao. Kwenye dari yetu kulikuwa na nusu ya ua kubwa la plasta; nusu ya pili ilibaki upande wa jirani, na mdogo wangu Mapendo aliamini kabisa kwamba jirani ametuibia. Chini barabarani mabasi yalishuka kuelekea stesheni ya Gare du Midi, na kioo cha dirisha kilitetemeka kila moja lilipopita. Humo ndimo tulimojifunza Kinorwe, katika mji ambao wenyeji wake wana lugha mbili na bado hawaelewani.

Mtu atauliza, Wakongo wa Brussels na Kinorwe wapi na wapi. Jibu ni vita. Siku tulipokimbia Uvira, baba alikuwa upande mmoja wa mji na sisi upande mwingine, na kila mtu alikwenda alikosukumwa. Yeye alivuka ziwa akaingia Tanzania, akakaa kambini Kigoma hadi Norwe ilipokuja kuchagua watu wa kuwachukua na jina lake likasomwa. Mama alishika njia nyingine akiwa na kaka yangu Bahati, na mimi Riziki mgongoni, na Mapendo tumboni, na baada ya safari ambayo hakupenda kuisimulia akaishia Ubelgiji. Kwa hiyo baba hakuwahi kumwona Mapendo. Alimjua kwa picha moja aliyotumiwa, na kwa sauti. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alipiga simu kutoka mji mdogo wa wavuvi huko kaskazini kabisa, ambako alifanya kazi ya kusafisha samaki, na tuliketi kuizunguka simu ile kama watu wanaoota moto. Mipango ya sisi kumfuata ilikuwa inaendelea, au ndivyo tulivyoambiwa kila mara, na baba alikuwa ameapa kwamba hatakwenda uwanja wa ndege kupokea watoto mabubu. Kila Jumamosi alitupa neno moja la Kinorwe la kutafuna wiki nzima.

Maneno yao, wenzangu, ni marefu kama treni ya mizigo. Watu wale wakiwa na kitu kipya hawakitafutii jina. Huchukua maneno mawili waliyo nayo wakayabandika pamoja, na wakiona bado, hubandika la tatu. Nyumba ya wagonjwa ni neno moja, sykehus. Bustani ya watoto wadogo ni neno moja, barnehage. Kiwanda alichofanyia kazi baba kiliitwa fiskebruk, na mama aliposikia mara ya kwanza alisema fisikeburuku, akaongeza irabu kila mahali alipoona pengo. Baba alicheka hadi akakohoa. Alitueleza, kama alivyoelezwa na mwalimu wake, kwamba silabi zetu sisi huachwa wazi kama mlango wa nyumba ya jirani mwema, lakini zao nyingi hufungwa kwa konsonanti, na ukiufungua mlango waliokwisha kuufunga hawakuelewi. Alituambia pia kwamba kabla hujalikata neno lao lazima kwanza utafute mshono, mahali maneno mawili yalipokutana, ndipo ukate hapo. Ukikata mahali pengine unakata nyama badala ya kiungo. Bandu bandu huisha gogo, alisema, ila bandu yenyewe iwe mahali pake.

Kilichotushinda zaidi kilikuwa mkazo. Mswahili yeyote, hata mtoto, hutia nguvu karibu na mwisho wa neno bila kufundishwa. Hao wenzetu hutia nguvu mwanzoni, kwenye neno la kwanza, kisha neno la pili hulifuata kwa sauti ya chini. Mama alikuwa akisahau na kuangukia palepale alipozoea, na simu ilikuwa ikinguruma. "Mwanzo, Maman Bahati, mwanzo! Nguvu unaitia kule mwanzo." Na mama alipoitia mwanzoni, kwa hasira aliitia yote, mwisho ukamezwa, na baba akaanza upya. "Non, non. Ile ya pili unaipunguzia, lakini usiiue. Iko na kanguvu kake kadogo. Uiache iishi." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi sana kichwani mwangu tangu wakati ule, na sina hakika bado kwamba alikuwa anazungumzia Kinorwe tu.

Mama alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hajui kufundisha kitu bila kukigawa sauti. Kule Uvira ndiko alikokutana na baba, yeye akiongoza, baba akiimba besi mstari wa nyuma. Hivyo baada ya Jumamosi kadhaa za kugombana na simu, alichukua sufuria, akaipindua mezani, akatugawia neno kama anavyogawa wimbo. Bahati, aliyekuwa na sauti ya kupasua bati, alipewa ile silabi yenye mkazo. Mimi nilipewa zote za katikati, hata zikiwa tatu, kwa sababu, alisema mama, mimi ni mwepesi wa kusahau mambo makubwa lakini madogo nayakumbuka. Mapendo alikuwa mdogo, hakuweza kushika zaidi ya kitu kimoja, akapewa mwisho wa kila neno. Mwiko ukigonga, Bahati alisema SY, mimi nikasema ke, na Mapendo, ambaye alikuwa amesubiri kwa mabega yaliyoinuliwa hadi masikioni, alisema hus. Kisha alishusha mabega na kututazama sote kama mtu aliyefunga duka vizuri. Ukijaribu kumwibia sehemu yake alikuuma. "Ya mwisho iko yangu," alisema, na ilikuwa yake kweli. Hata neno liwe refu kiasi gani, halikuwa limekwisha hadi Mapendo alimalize.

Kwaya zetu zina desturi moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo mengine hayana maana. Mwimbaji akiwa mgonjwa au safarini, aliye karibu naye huchukua sehemu yake, ili wimbo usichechemee. Lakini mwimbaji akifa, sehemu yake haichukuliwi na mtu. Mapigo hupigwa kama kawaida, na pale alipokuwa akiimba huachwa kimya, hadi siku matanga yatakapoondolewa na mwingine kupangiwa nafasi ile. Nimekaa kanisani kwetu Anderlecht, mtaa mwingine wa Brussels, nikiwa mtoto, nikasikia wimbo mzima wenye shimo katikati, na watu wazima wakilia palepale kwenye shimo wala si kwenye maneno. Baba aliimba na mama miaka mingi. Hakuhitaji kufundishwa desturi hiyo.

Mapendo alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ambao watu wetu huutaja kwa herufi mbili tu, SS, kwa sauti ya chini. Alizaliwa nao. Mwezi mmoja alikuwa anaruka juu ya kitanda hadi Mreno wa ghorofa ya chini anagonga dari kwa ufagio. Mwezi uliofuata mifupa ilimuuma akalia bila machozi, mama akambeba mgongoni, yeye na urefu wake, wakateremka kwenda hospitali. Tulipojifunza sykehus ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Alisema ni neno zuri kwa sababu linaishia nyumbani, maana hus ni nyumba. Jumamosi alizokuwa amelazwa mimi nilichukua mwisho wake, na baba alitambua mara moja, akasema, "Leo iko Riziki na pua yake. Mapendo wangu amelazwa tena?" Kisha aliomba aambiwe kila kitu, homa imefika wapi, anakula nini, na mama alimwambia nusu. Nusu nyingine alibaki nayo. Hakuwa mwongo, mama yangu. Ila aliamini kwamba mtu aliye mbali huwezi kumpa mzigo ambao huwezi kumsaidia kuutua.

Miezi ilipita, karatasi za kwenda Norwe hazikuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yetu yalikwisha kuzoea kuumia. Majira ya baridi yaliingia, na kule kwa baba jua lilizama likakataa kuchomoza tena. Alitueleza na hatukuamini. Bahati alimuuliza kama basi watu hawaamki. Kuna neno la msimu huo, mørketid. Giza ndilo mørke, wakati ndio tid, na mwanzoni ipo ile sauti ya mdomo uliokunjwa ambayo sisi watoto tuliijua kutoka Kifaransa cha shule na mama hakuipata hata siku moja. Sauti ya baba ilianza kubadilika. Alizungumza polepole, alinyamaza mahali ambapo angecheka. Aliniambia mara moja kwamba kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi hasemi Kiswahili na mtu, na kwamba siku nyingine hukisema peke yake akiwa anaosha vyombo, asikisahau. Katika mji ule hakukuwa na Mkongo mwingine, wala Mtanzania, wala mtu yeyote wa kumwita ndugu. Alikaa chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mzee, mjane wa mvuvi, ambaye alimwekea supu mlangoni na kuondoka. Mama alikuwa akimaliza kuongea naye anabaki ameshika simu kifuani, akitazama ile nusu ya ua darini.

Hofu ya mama, kwamba baba yuko peke yake, ilikuwa na historia. Mjomba wake, wakati wa vita, aliambiwa na mpita njia kwamba wanawe wamekufa. Aliambiwa akiwa peke yake, kando ya maji, na yule mpita njia akaendelea na safari yake. Mjomba aliingia ziwani na nguo zake. Kwa watu wetu hilo halikuwa jambo la ajabu, lilikuwa uthibitisho wa kile wazee walichokijua siku zote: mtu haambiwi kifo akiwa peke yake. Wanatumwa watu kwanza. Wanafika wawili, watatu, wanasalimia, wanakaa, mmoja karibu na mlango, mmoja karibu na mwenye msiba, na neno linasemwa kukiwa na mikono tayari ya kumshika. Mama aliishika desturi hiyo kuliko alivyoishika Biblia.

Mapendo alikufa katikati ya msimu ule wa giza, asubuhi, hospitalini. Homa ilikuja ghafla, kifua kikabana, na madaktari waliingia na kutoka wakisema Kifaransa cha haraka. Nilikuwa shuleni. Niliitwa ofisini, nikamkuta pasta wa kanisa letu amekaa pale na makoti yake mawili, lake na lile aliloleta kunifunika, na pamoja naye mama wawili wa kanisa, nikajua kabla hajafungua mdomo. Waliniambia vizuri. Walinishika. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye nimekuwa na hasira na desturi ile, na haki ni haki: mimi walinishika.

Nyumba ilijaa. Viti vya kanisa vilipandishwa ngazini, magodoro yalitandikwa, sombe, majani ya muhogo, ilipikwa katika sufuria kubwa za kuazima, na wanawake waliimba kwa zamu. Kifo cha wengi harusi, husema watu, na kwa mtoto wa rika langu ilikuwa hivyo kweli kwa muda, hadi nilipokumbuka. Lakini katikati ya watu wote wale simu ilikaa mezani imefunikwa kitambaa, na mama alikuwa amekataza mtu yeyote asiiguse. Pasta alimwambia mbele yetu, kwa upole, "Maman, yule mutu mukubwa. Tumuambie tu. Atakuja kumuzika mutoto wake." Mama hakuinua kichwa. "Nani atamushika, Pasta? Nitajie jina. Nani iko kule wa kumushika?" Pasta alikwenda akapiga simu huku na huku, kwa makanisa, kwa jamaa za jamaa, hadi akampata mtu mmoja wa Goma aliyekaa mji mkubwa wa upande ule. Mtu yule, Mungu ambariki, alikubali, akamchukua mkewe wakaingia garini kumfuata baba. Dhoruba ya theluji ilifunga barabara ya mlimani wakiwa njiani, wakalala kwenye kituo cha mafuta, wakingoja ifunguliwe. Nasi tukangoja nao. Siku ya makaburi ilikuwa imekwisha kupangwa. Wazee walimuuliza mama mara ya mwisho, naye akasema tuzike.

Tulizika Ijumaa, ardhi ngumu, mvua nyembamba. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, simu ikalia.

Wanawake walikatiza wimbo. Wale wa Goma walikuwa bado njiani. Tusipoitika baba angejua kuna jambo, naye angekuwa peke yake nalo. Tukiitika ilibidi tumdanganye hadi wageni wamfikie. Mama aliondoa kitambaa, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti kama kila Jumamosi, akasema halo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo hadi leo sijui aliitoa wapi. Walisalimiana. Baba aliuliza hali, mama akajibu tuko, Mapendo amelazwa kidogo. Baba alishusha pumzi. Kisha akasema, "Bon. Batoto balete neno ya leo."

Mama alinitazama. Alisogeza midomo bila sauti: chukua mwisho. Kama siku zote. Aliipindua sufuria, na mama mmoja wa kanisa akamfunika kwa mkono mdomo mwenzake aliyeanza kulia. Mwiko ukagonga. Bahati akasema MØR, sauti yake ya bati ikiwa imekunjamana katikati. Nikasema ke. Mwiko ukagonga tena, na mimi nilikuwa nimevuta pumzi tayari, nimefungua mdomo, na mahali pale alipokuwa akikaa Mapendo nikaona makoti tu. Hakukutoka kitu. Watu wameniuliza kama najuta. Sijuti. Nilikuwa mtoto wa kwaya, na jana yake nilikuwa nimemwaga udongo juu ya jeneza lake kwa mkono wangu. Hata kama ningetaka, koo langu lilijua sheria kuliko mimi.

"Rudieni," alisema baba.

Tulirudia. Bahati, mimi, na pigo tupu. Mwiko wa mama ulilipiga pigo lile wazi kabisa, halafu ukabaki pale juu ya sufuria. Kisha baba aliuliza, polepole, sauti ileile ya besi ya mstari wa nyuma, "Maman Bahati. Mulimuzika lini?"

"Jana," alisema mama.

Hakulia, baba. Tulisikia kiti kikisogezwa, tukasikia hatua, tukasikia mlango. Simu aliiacha wazi. Mama aliita jina lake, jina lake la ubatizo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, aliita na kuita ndani ya kile chumba kisicho na mtu huko kaskazini, na watu wote ghorofa ya tatu, ambao walikuja kumshika mfiwa, waliishika simu. Alichokiogopa kuliko vyote ndicho alichokisababisha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakusema lolote juu ya anayeficha kwa upendo, lakini naona humuumbua vilevile.

Yaliyotokea upande wa pili tuliyajua baadaye sana, kwa vipande. Alitoka bila koti, akashuka hadi ukingoni mwa maji, mahali boti zinapofungwa, akasimama. Yule mjane alimwona kutoka dirisha la jikoni. Alimfuata akiwa na viatu vya ndani, akamkamata mkono, na aliposhindwa kumvuta, alisimama naye tu theluji ikiwaangukia, hadi baba alipokubali kurudi. Alimvua viatu, akamkalisha karibu na jiko. Hakuwa na neno moja la Kiswahili, wala hakujua jina la mtoto. Wale wa Goma walifika kesho yake wakamkuta baba amelala kwenye kochi la mwanamke yule, na yeye ameketi kando kwenye kiti, akifuma. Mama aliposimuliwa hayo alilia kwa namna ambayo hakulia makaburini. Alikuwa amehesabu watu wa kumshika mumewe, na hakumhesabu mzungu aliyekuwa akiacha supu mlangoni.

Baba alikuja Brussels majira ya kuchipua. Tulimpokea Gare du Midi, mtu mwembamba mwenye koti zito kupita hali ya hewa, na kutoka stesheni alitaka apelekwe makaburini kabla ya nyumbani. Hakurudi Norwe. Tulihamia Anderlecht, kwenye majengo marefu, akapata kazi ghalani, na maisha yakaendelea kama yanavyoendelea. Hakumpiga mama, hakumtukana, hakumwacha. Alimwambia jambo moja tu, na alilisema kila walipogombana, hata ugomvi uwe wa chumvi: "Wewe ulinizikia mutoto." Mama hakujibu kamwe. Nilikua kati ya sentensi hiyo na kimya hicho, na nasema wazi kwamba niliwachukia wote wawili kwa zamu. Nilimchukia baba kwa kutosamehe, na mama kwa kutojitetea. Kinorwe hakikutamkwa tena nyumbani mwetu. Ule mwiko ulisonga bugali hadi ukapasuka, na sufuria haikupinduliwa tena mezani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka imepita, na simu siku hizi inakaa mfukoni mwa kila mtu. Msiba ukitokea Bukavu, picha ya marehemu inafika kwenye kundi la ukoo kabla macho yake hayajafumbwa, na chini yake kunafuatana mikono ya kuomba na maua ya kuchorwa. Kifo cha shangazi nilikisoma nimesimama kwenye metro, mkono mmoja umeshika nguzo, kati ya watu waliokuwa wakitazama simu zao. Hakuna aliyetumwa kwangu. Nilishuka kituoni kwangu nikaenda kazini, na ni jioni tu, nikivua viatu, nilipohisi ninakosa kitu nisichoweza kukiomba.

Kwa hiyo mama alipofariki, mwaka juzi, ghafla, moyo, katika hospitali ya mji huuhuu, jambo la kwanza nililofanya kabla sijalia lilikuwa kuzima simu yangu na kumsihi Bahati azime yake. Baba alikuwa nyumbani Anderlecht, peke yake, simu yake mezani. Binamu mmoja alikuwa nasi wodini na tayari kidole kilikuwa kwenye kioo. Nilimnyang'anya simu, kama mwendawazimu. Nilikwenda kumchukua pasta, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa fimbo, na mama mmoja wa kanisa, yuleyule aliyemfunika mwenzake mdomo siku ile, na tulipanda metro sote, mimi nikihesabu vituo na kuomba mtandao ufe katika Ubelgiji nzima. Lifti ilikuwa mbovu. Tulimngoja pasta apande ngazi kwa fimbo yake, ghorofa baada ya ghorofa, nami nikasikia kutoka ndani, kupitia mlango, simu ya baba ikitetemeka juu ya meza, inanyamaza, inatetemeka.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa na mikono yenye maji. Alikuwa anaosha vyombo. Alitutazama mmoja mmoja, Bahati, mimi, pasta anayehema, mama wa kanisa, kama mwimbaji wa mstari wa nyuma anayeangalia nani amefika na nani hayupo. Simu ilianza tena nyuma yake. Hakugeuka.

"Muko bengi," alisema.

Alijisogeza tupite. Nilikaa karibu naye, Bahati akakaa karibu na mlango, na pasta alipolisema neno mikono yetu ilikuwa tayari iko juu ya baba. Hakupiga kelele. Alikaa hivyo, uzito wake wote kwetu, mpaka mabega yangu yakaanza kuuma, na nje kukaanza kuwa giza. Ndipo aliposema, akiitazama ile simu iliyokuwa bado inatetemeka bila mtu wa kuipokea, "Ni hivi alikuwa ananitafutia. Mama yenu. Ni hivi tu."

Nilimwambia ndiyo, baba. Mama, aliyestahili kuambiwa, hakuwepo tena.